Mfunga Mabao Naye ni Mfanyakazi

Hotuba iliyosomwa Kitengela mbele ya wanachama, wafanyakazi wa viwandani na vijana wa vyuo



Sisi tunaosema nanyi leo ni wafanyakazi wa reli. Masomo yetu yalikuwa ya shule ya msingi ya misheni, na mengine tumefundishwa na kazi. Kwa hiyo msitazamie maneno makubwa. Tumekuja kusema habari ya kijana afungaye mabao chuoni, na habari ya siku ile anapotoka chuoni na kuingia katika dunia ya mshahara.

Labda yuko anayeuliza moyoni: Mpira na chama cha wafanyakazi vina uhusiano gani? Twamjibu hivi. Mtu akitumia mwili wake na ujuzi wake kwa faida ya mwingine, na akalipwa kwa ajili hiyo, huyo ni mfanyakazi. Haidhuru ameshika nyundo, kalamu au mpira. Na mfanyakazi asiye na barua wala chama hutupwa upesi, hata kama jana uwanja mzima ulimpigia makofi.

Hapa Kitengela jambo hili twaliona kwa macho. Tangu sheria ya EPZ ilipopitishwa mwaka 1990 na viwanda vikajengwa pale Athi River, vijana wengi wamehamia huku kutafuta kazi. Wanatoka Kajiado mjini, wanatoka Magadi, wanatoka Ukambani, wanatoka Magharibi. Wengine wana cheti cha chuo mfukoni, na wengine wamekuja na viatu vya mpira begani, wakitumaini kwamba viatu vile vitawafungulia lango la kiwanda. Wakati mwingine kweli vinafungua. Tatizo ni kwamba lango lililofunguliwa kwa viatu hufungwa siku viatu vinapochakaa.

Ndugu zangu, tuanze na mfano mwema, maana vijana hawa wanaujua kuliko sisi. Mtazameni Michael Olunga. Alizaliwa mwaka 1994, akasoma Upper Hill hapa Nairobi, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya, kile ambacho wazee wetu walikiita Kenya Polytechnic. Alisomea uhandisi wa mambo ya upimaji na ramani. Wakati huo huo alikuwa akicheza ligi. Mwaka 1915 reli ilikuwa changa. Mwaka 2015, miaka mia baadaye, kijana huyu alikuwa senta fowadi wa Gor Mahia, akafunga mabao 19 ya ligi, na timu yake ikachukua ubingwa bila kushindwa hata mechi moja. Mwaka 2016 akaenda Sweden, Djurgården. Baadaye China, kisha Hispania katika timu ya Girona, ambako mwezi wa Januari 2018 alifunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas. Halafu Japani, Kashiwa Reysol. Mwezi wa Novemba 2019 alifunga mabao 8 katika mechi moja iliyokwisha 13 kwa 1. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 katika ligi kuu ya Japani, akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mwaka 2021 akahamia Qatar.

Sasa vijana wakisikia haya husema, nami nitakuwa Olunga. Ni vema kutamani. Lakini sikilizeni kwanza hesabu. Ligi yetu kuu ina timu 18. Tuseme kila timu ina wafungaji watatu. Hizo ni nafasi 54 katika nchi nzima, na nyingi zimekwisha kukaliwa. Linganisheni na idadi ya vyuo vilivyoko Nairobi, Machakos na Kajiado peke yake, na kila chuo kina namba tisa wake anayeimbwa na wenzake. Kwa hiyo anayeweka maisha yake yote juu ya nafasi moja kati ya 54 anacheza bahati nasibu.

Basi jambo la kujifunza kwa Olunga si mabao peke yake. Ni kwamba alipokuwa akicheza hakuacha kuwa mwanafunzi. Sisi watu wa reli twalielewa jambo hili bila kufundishwa. Njia ya reli ina vyuma viwili vilivyolala juu ya mataruma. Hakuna gari linalokwenda juu ya chuma kimoja. Mguu ni chuma kimoja. Ufundi ni chuma cha pili. Chuma kimoja kikivunjika, gari halina budi kusimama, lakini fundi aliye na ujuzi ataweza kuiokoa safari.

Hesabu nyingine ni ya miaka. Mfungaji huanza kazi ya kweli akiwa na miaka 20 hivi. Akijaliwa afya, akifika miaka 33 magoti yameanza kusema. Hiyo ni miaka 13. Umri wa kustaafu katika kazi za serikali ni miaka 60. Kwa hiyo baada ya mpira imebaki miaka 27 ya kulisha watoto, yaani mara mbili ya miaka ile ya makofi na zaidi. Katika shule za misheni tulisimuliwa habari za Yusufu, aliyeweka nafaka katika miaka saba ya shibe ili watu wasife katika miaka saba ya njaa. Mfungaji wa mabao ana shida kubwa kuliko ya Misri, kwa kuwa miaka yake ya njaa ni mingi kuliko ya shibe.

Na sifa haziwekwi benki. Wazee waliomo humu wanakumbuka jinsi redio ilivyokuwa ikitangaza "Kadenge na mpira", hata maneno yale yakawa msemo wa nchi nzima. Joe Kadenge alifariki tarehe 7 Julai 2019. Katika miaka yake ya mwisho alikuwa mgonjwa, na habari za msaada aliohitaji zilisomwa magazetini. Jina lake lilijulikana na kila mtoto wa Kenya, lakini jina si pensheni.

Sasa tuwaambie habari ya kijana mwingine, ambaye jina lake hatulitaji, wala la kiwanda chake. Yeye ni wa upande wa Kajiado. Alikuwa namba tisa wa chuo cha ufundi, naye alikuwa akijifunza kuchomelea vyuma. Alipokuwa amebakiza mtihani wa mwisho, alikuja mtu wa kiwanda fulani akamwambia: "Njoo kwetu, tunataka kushinda kombe la viwanda, na kazi utapata." Akauacha mtihani, akaja Kitengela.

Kazi alipata kweli, lakini ilikuwa ya kibarua. Jina liliandikwa katika daftari la langoni asubuhi, na jioni alipewa fedha ya siku mkononi. Hakupewa barua. Hakukatwa fedha ya NSSF wala tajiri hakuongeza sehemu yake. Jumamosi alivaa jezi ya kiwanda na kufunga mabao, na picha yake ikabandikwa ukutani ofisini. Miezi kumi na minne ilipita hivyo. Halafu katika mechi moja goti likageuka. Alilala nyumbani wiki tatu, wenzake wakimchangia fedha za dawa. Aliporudi langoni akaambiwa nafasi yake imekwisha kujazwa. Picha ilikuwa bado ukutani.

Wenzetu wa chama cha kiwanda kile walipoulizwa, jambo la kwanza walilotaka ni karatasi. Kijana hakuwa na karatasi hata moja. Lakini daftari la langoni lilikuwapo, na tarehe zake zilionyesha alivyofanya kazi siku kwa siku, mwezi kwa mwezi. Hapo ndipo sheria ilipomsaidia. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 37, yasema kwamba kibarua akifanya kazi kwa siku zinazofuatana ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, basi hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Ahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi. Mtu wa mwezi hawezi kuondolewa bila notisi ya siku 28, au malipo yake. Tena mtu aliyetimiza mwaka ana haki ya likizo ya siku 21 za kazi zenye mshahara. Tajiri alipoonyeshwa daftari lake mwenyewe alikubali kulipa notisi na likizo.

Lakini goti halikulipwa. Tajiri alisema kijana aliumia katika michezo, si katika kazi. Sheria ya Malipo ya Ajali Kazini, ile iitwayo WIBA, nayo ni ya mwaka 2007, humlinda mfanyakazi aliyeumia katika kazi na kwa sababu ya kazi. Tajiri atakwambia mpira ulikuwa burudani yako. Wewe utasema uliajiriwa kwa sababu ya mpira ule ule. Bila maandishi, mabishano hayo hayana mwisho, na aliyeumia hana fedha ya kungoja mwisho wake.

Msidhani mabishano ya namna hii ni ya Kitengela tu. Wachezaji wa Uingereza walianzisha chama chao mwaka 1907. Kwa miaka mingi matajiri wa timu waliweka kipimo cha mshahara ambacho mchezaji hawezi kukipita, hata awe hodari namna gani. Kilipofikia mwisho kipimo hicho kilikuwa pauni 20 kwa wiki. Wachezaji walipiga kura kugoma, na mwezi wa Januari 1961 matajiri wakakiondoa. Mwaka 1963 mchezaji mmoja, George Eastham, alishinda mahakamani juu ya desturi ya timu kumzuia mtu asiondoke hata mkataba wake ukiisha. Mwaka 1965, mwaka ule ule COTU ilipoundwa hapa kwetu, vyama vya wachezaji wa nchi mbalimbali viliungana vikafanya FIFPRO. Mwaka 1995 Jean-Marc Bosman wa Ubelgiji alishinda kesi iliyowapa wachezaji wa Ulaya uhuru wa kuhama mkataba unapokwisha. Wachezaji wengi wametajirika kwa kesi ile, lakini yeye mwenyewe hakutajirika. Hapa Kenya wachezaji wana KEFWA, chama cha kutetea hali zao, nacho kimo katika FIFPRO. Kwa hiyo kijana wa mpira akijiunga na chama hajaanza jambo geni. Anafuata njia ambayo wenzake wameitengeneza kwa zaidi ya miaka mia moja.

Tuangalie na timu za makazini. Kenya ina desturi ya zamani ya mahali pa kazi kuwa na timu. Breweries ilichukua ubingwa wa nchi mwaka 1972, ndiyo leo iitwayo Tusker. Bandari ni timu ya wenzetu wa Mombasa. Posta Rangers ipo, Ulinzi ya jeshi ipo, KCB ipo, na Polisi ndio waliochukua ubingwa wa 2024/25. Hizi ni timu zilizowapa vijana wengi mshahara, na tunazisifu.

Lakini timu ya kazini husimama juu ya kazi yenyewe. Kazi ikiyumba, timu huanguka kwanza. SoNy Sugar, timu ya kiwanda cha sukari, ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 2006. Mwaka 2019 iliondolewa katika ligi kuu kwa kukosa kufika katika mechi. Toka ubingwa mpaka kuondolewa ni miaka 13, yaani umri ule ule wa kazi ya mfungaji mmoja. Mwaka huo huo wa 2019 kampuni ya kamari ya SportPesa iliacha kudhamini ligi na timu kubwa, na wachezaji wakakaa bila mishahara. Hata sisi wa reli twalijua neno hili. Mwaka 2006, reli ilipokabidhiwa kampuni ya watu binafsi, maelfu ya wenzetu walitoka kazini, na wengi walidhani reli haiwezi kuwaacha. Mkataba wa kampuni ile nao ulivunjwa mwaka 2017. Kamba hukatikia pabovu, na pabovu ni pale mfanyakazi asipokuwa na maandishi, akiba wala ujuzi wa pili.

Basi tufanye nini? Tuna maneno kwa vijana, na tuna maneno kwa wanachama.

Kwa vijana, la kwanza: Usiache mbachao kwa msala upitao. Mtihani umalize kabla ya kukubali jezi. Timu inayokutaka kweli itangoja miezi mitatu. Isiyoweza kungoja haitakungoja goti likivimba.

La pili: Ukiajiriwa, uliza umeajiriwa kwa kazi gani. Usiandikwe "mchezaji" tu. Uandikwe fundi, karani, dereva au mtu wa stoo, na mpira uwe juu yake. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi sheria yataka uwe wa maandishi. Soma, kisha utie sahihi, na nakala yako iweke kwa mama yako, si mfukoni.

La tatu: Ukiwa kazini, fanya majaribio ya ufundi ya NITA, gredi ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Mabao yako yatasahauliwa msimu ujao. Gredi yako haisahauliwi.

La nne: Jiunge na sacco na uangalie michango yako ya NSSF kila mwezi. Sehemu yako ni asilimia 6 ya mshahara, na tajiri naye hutoa asilimia 6. Asipotoa, anakula pensheni yako ungali kijana.

La tano: Jiwekee kumbukumbu. Andika katika daftari lako kila siku uliyofanya kazi na kila mechi uliyocheza. Yule kijana wetu aliokolewa na daftari la tajiri. Si kila tajiri atakubali kulitoa.

Na sasa kwa ninyi wanachama, hasa wawakilishi wa chama viwandani. Neno letu ni moja, nalo ndilo lililotuleta. Mapatano ya pamoja yatakapofunguliwa tena, tutie ndani yake maneno matatu mafupi. Kwanza, siku ya mazoezi na siku ya mechi ya timu ya kampuni ihesabiwe kuwa siku ya kazi yenye mshahara. Pili, ajali itokeayo katika mechi hiyo, au katika gari lipelekalo timu, ihesabiwe kuwa ajali ya kazini, nayo iandikwe na kupelekwa serikalini katika siku saba kama ajali nyingine. Tatu, mfanyakazi aliyeumia asiondolewe wala nafasi yake isijazwe mpaka daktari aseme.

Matajiri watasema hilo ni gharama. Tutawajibu kwa upole: Jezi yenye jina la kampuni ni tangazo, na tangazo hulipiwa. Gazeti haliwatangazii bure, na mguu wa mfanyakazi nao usiwatangazie bure. Kama hawataki kulipa, basi timu iwe ya wafanyakazi wenyewe, wacheze jioni kwa furaha yao, na asiwepo mtu wa kuajiriwa kwa mabao na kufukuzwa kwa goti.

Tena tusiwasahau dada zetu. Wasichana nao wanacheza vyuoni na viwandani. Kama mvulana apewa kibarua kwa mpira, msichana mara nyingi hupewa soda na nauli. Maneno yale matatu yawe yao pia, bila kupunguzwa.

Labda mwataka kujua yule kijana yuko wapi. Fedha ya notisi aliirudisha chuoni, akafanya mtihani alioukimbia, akapita. Leo ana kibanda chake kando ya barabara ya Namanga, anachomelea milango na madirisha, na ninyi mjengao nyumba hapa mwajua jinsi kazi hiyo isivyokwisha. Jumapili hufundisha watoto mpira. Hakimbii tena, husimama kando ya kiwanja na kupiga filimbi. Na kila mtoto akifika miaka kumi na sita humwuliza swali moja: "Mbali na mpira, mikono yako inajua nini?"

Bwana Mwenyekiti, swali hilo twaliacha mbele ya mkutano huu pamoja na yale maneno matatu ya mapatano. Twaomba yajadiliwe leo, yaandikwe katika kitabu cha kumbukumbu, na tawi lipeleke azimio makao makuu kabla ya mazungumzo na matajiri kuanza.

Umoja ni nguvu.